Neno "Docile" na Wenzake

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wandugu wa kambi na wa mji)



Wengi kati yetu tuna wajomba na kaka ng'ambo ya mpaka, Kitwe, Mufulira, Luanshya. Wakija kutuamkia wanaleta maneno ya Kiingereza, na vijana wetu wanayaokota. Leo tunataka kuyapima machache, yale yanayomtaja mtu anayeongozwa upesi na wengine. Msidhani ni mchezo wa shule. Neno moja likiandikwa juu ya karatasi ya mtu linamfuata katika kazi yake mpaka uzee.

La kwanza ni docile. Mliosoma Kifaransa mnalijua, kwani linaandikwa vile vile. Limetoka katika Kilatini, docere, maana yake kufundisha. Zamani mtu docile alikuwa mtu anayefundishika, na hiyo ilikuwa sifa. Lakini neno lilipotea njia. Siku hizi linasemwa juu ya punda asiyepiga teke, na juu ya mtu asiyeuliza. Mafundisho yameondoka, utii umebaki.

Jirani yake ni tractable. Mzizi wake ni kushika na kuendesha kwa mkono. Ni mtu asiyemchokesha yule anayemwendesha. Tena kuna malleable, neno lililozaliwa na nyundo, malleus kwa Kilatini. Na ductile, lililotoka katika kuongoza na kuvuta. Haya mawili ninyi watu wa shaba mnayaelewa kuliko mwalimu yeyote. Shaba inagongwa ikawa bamba jembamba, inavutwa ikawa waya, wala haikatiki. Waingereza wameyatwaa maneno ya madini wakayaweka juu ya binadamu.

La mwisho katika ukoo huu ni gullible. Ni mtu anayemeza kila anachoambiwa, na kila mtu anajua kwamba ni aibu. Sasa angalieni vema. Mkubwa wa kazi akiandika habari za mtumishi wake, hataandika gullible, ataandika docile. Mtu ni yule yule. Jina limekuwa tamu kwa sababu mwenye kuandika anapata faida.

Wandugu, sisi makarani tusijitoe. Neno hilo tumeliandika kwa mkono wetu, kwa hati nzuri tuliyofundishwa na mapadri, juu ya karatasi za wanaume waliotupita umri. Tumemwona mzee amesimama mbele ya meza yetu, karatasi imewekwa mbele yake, asiyoweza kuisoma. Alitutazama usoni, sisi wana wake tuliokwenda shule. Nasi tukamwonyesha mahali pa kutia kidole. Hatukumsomea. Siku ile nani alikuwa docile? Mzee alitutumaini tu. Walioongozwa kama ng'ombe ni sisi wenye kalamu.

Mtu atasema: je, upole ni dhambi? Hapana. Kiingereza kina neno meek, mpole. Biblia yao ya mwaka 1611 inamwita Musa kwa neno hilo, naye ndiye aliyesimama mbele ya Farao kudai watu wake. Basi mpole anaweza kukataa.

Baba zetu nao walikuwa watu watulivu wa kazi. Mwezi wa tano mwaka 1935 wafanyakazi wa Luanshya waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa, na watu sita waliuawa. Desemba 1941, katika mji wa Elisabethville, unaoitwa sasa Lubumbashi, wafanyakazi waliodai mshahara walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira. Mafundi wanajua jambo hili: shaba ikigongwa mara nyingi ikiwa baridi, inakuwa ngumu.

Neno letu la mwisho linatuhusu sisi wa chama. Mkitufuata kwa sababu tumepaza sauti kuliko wengine, mmebadilisha nyundo tu. Tunawataka wanachama docile kwa maana ile ya kale, wanaofundishika, na mwenye kufundishika sherti aulize. Mkipewa karatasi, hata ikiwa ya chama, ulizeni: imeandikwa nini? Nani anapata faida? Tukitoa kitu, kinakwenda wapi? Karani akikataa kukusomea, rudisha kidole chako mfukoni uende nyumbani.

Na sisi makarani tunaahidi mbele yenu: tangu leo, kabla ya kumwonyesha mtu mahali pa kutia kidole, tutamsomea kwa sauti, toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Tukisahau, mtukumbushe bila haya.