HOFU YANGU YA DAKTARI WA MENO
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Oakdale, Minnesota)



Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumze kuhusu afya. Nadhani alitazamia niseme juu ya shinikizo la damu au kisukari, maana kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia hapa mashariki mwa Saint Paul. Hayo yana wasemaji wake. Mimi nitasema juu ya jambo nililowaficha kwa miaka 34, nalo ni kwamba nilikuwa namwogopa daktari wa meno kuliko nilivyoogopa kufa.

Wengi wenu mnaijua habari ya mwanzo, ila mnaijua kama kichekesho. Marehemu Mjomba alizoea kuisimulia kwenye sherehe: jinsi alivyonipeleka kung'olewa jino na jinsi nilivyomng'ata tabibu kidole. Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Leo naomba ruhusa niisimulie kwa upande wa aliyeketi kwenye kiti.

Ilikuwa mwaka 1977, nami nina umri wa miaka 9. Gego langu la chini, upande wa kulia, lilikuwa limetoboka na shavu limevimba kwa siku tatu. Bibi alikwisha kunisukutulisha maji ya chumvi na kuniwekea karafuu. Mjomba akanipakia kwenye baiskeli mpaka zahanati moja ambayo sitaitaja jina. Hapakuwa na daktari wa meno. Wakati ule walikuwa wachache mno nchini. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno pale Muhimbili yalianza mwaka 1979. Palikuwa na tabibu mmoja, foleni ndefu, na koleo ndani ya bakuli la maji ya moto. Akanichoma sindano ya ganzi, akamhudumia mtu mwingine kidogo, akarudi, akaanza. Ganzi haikushika. Nikamwambia kwamba naumia. Akanijibu, "Huumii, umekwisha kuchomwa ganzi." Mjomba akanishika kichwa kwa mikono miwili.

Jino lilitoka vipande viwili. Hata hivyo, ndugu zangu, kilichobaki moyoni mwangu si koleo. Ni lile neno "huumii". Mtoto akiambiwa na mkubwa kwamba hasikii anachokisikia, anajifunza kwamba katika kiti kile kinywa chake si mali yake tena. Tangu siku ile sikumfungulia kinywa mganga yeyote wa meno.

Palikuwa na sababu ya pili, na hii wale tuliokulia Maji ya Chai tunaijua bila kuelezwa. Rangi. Meno yetu ni ya kahawia, mengine yana madoa na vishimo. Nilipofika Marekani mwaka 1998 niliulizwa mara nyingi kama navuta sigara, nami sijapata kuvuta hata moja. Nikajizoeza kucheka nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Tazameni picha za mikutano yetu ya zamani: si mimi peke yangu niliyeweka mkono pale.

Nataka vijana waliozaliwa huku walielewe jambo hili vizuri, wasije wakafikiri kwamba babu na bibi zao hawakupiga mswaki. Maji ya kwetu hutiririka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, nayo hubeba madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya Arumeru hukipita kikomo hicho mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya, hutoka yakiwa na madoa, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Kidogo cha madini hayohayo hulinda jino lisitoboke. Ndiyo maana sheria ya Minnesota ya mwaka 1967 iliagiza yatiwe kwenye maji ya miji, na kiwango kinachopendekezwa Marekani tangu 2015 ni miligramu 0.7 kwa lita. (Najua mtaniuliza juu ya maji ya hapa Oakdale, kwa kuwa baadhi yenu mmekuja na chupa zenu. Ni habari nyingine: kampuni ya 3M, ambayo makao yake makuu yapo jirani, Maplewood, ilitupa taka zake hapa katikati ya karne iliyopita, zikaingia katika maji ya ardhini. Kesi ya jimbo dhidi yake ilimalizika mwaka 2018 kwa dola milioni 850. Inaelekea ukoo wetu haukujaliwa kuishi mahali ambapo maji hayana hadithi.)

Basi, nikaishi na pengo la kulia, nikatafuna kwa kushoto. Upande mmoja ukifanya kazi ya pande mbili huchakaa. Kufikia mwaka 2010 gego la kushoto nalo lilikuwa limetoboka. Nilitumia karafuu, nilimeza vidonge, nikaacha chai ya moto na maji ya baridi. Kazini nilikuwa nikiwapigia wazee mswaki asubuhi na jioni, nawahimiza wafungue vinywa, na changu nimekifunga.

Januari 2011, usiku mmoja wa barafu, uvimbe ulishuka kutoka shavuni hadi chini ya taya, na kumeza mate kukawa kazi. Nikapelekwa hospitali. Wakanitia dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa, na daktari akaniambia waziwazi kwamba usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuziba njia ya pumzi, na ukiingia katika damu huua. Nanyi naomba mlikumbuke hili: uvimbe chini ya taya, homa, kushindwa kumeza au kufungua kinywa, hayo hayangoji asubuhi. Akaongeza kwamba dawa ile imetuliza moto tu, jino lenyewe bado, nitafute daktari wa meno wiki hiyohiyo.

Sikumtafuta. Mwezi Februari niliendesha gari hadi kwa daktari mmoja, nikaegesha, nikakaa ndani ya gari dakika 40, kisha nikarudi nyumbani. Nikawaambia watu wa nyumbani kwamba miadi imeahirishwa. Mnaona hofu inavyomfanya mtu mzima kuwa mwongo.

Mwezi Aprili niliingia jikoni usiku nikamkuta binti yangu, wakati huo ana miaka 12, amefungua kopo la viungo vya pilau. Alikuwa anatafuta karafuu. Nilimuuliza, akasema jino linamuuma tangu kabla ya Pasaka. Nilipouliza kwa nini hakuniambia, alinitazama akasema, "Mama, mbona wewe hukwenda?" Yeye ana meno meupe, amezaliwa huku, wala hajapata kuiona ile zahanati. Karafuu nilimfundisha mimi, na kunyamaza nilimfundisha mimi.

Tulikwenda pamoja, wiki hiyohiyo. Mimi sikuwa na bima ya meno, na mwaka uliotangulia jimbo lilikuwa limepunguza huduma za meno kwa watu wazima walio katika mpango wa Medical Assistance, hivyo kwa wenzangu wengi kazini mlango huo nao ulikuwa nusu umefungwa. Mwenzangu mmoja akanielekeza kwenye shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1888, ambayo kliniki zake zimo katika jengo la Moos Tower, Minneapolis. Pale wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao. Bei ni nafuu, ila kazi huchukua muda mrefu zaidi. Kwa mwoga, muda mrefu si hasara.

Jino la binti lilizibwa siku hiyo, hata hakulalamika. Ikaja zamu yangu. Mikono ilikuwa ikitetemeka, nikamwambia yule mwanafunzi, dada mdogo tu, kwamba naogopa na kwa nini naogopa. Sikuwa nimepata kuyasema hayo kwa mtu. Hakunicheka. Akaniambia, "Ukiinua mkono wa kushoto nitaacha, hata kama ni katikati." Nikauinua kabla hajagusa kitu. Akaacha. Nikauinua tena, akaacha. Mara ya tatu sote wawili tulicheka, na mkono wangu haukuwa mdomoni.

Mwalimu wake alipokuja kukagua alitazama madoa ya meno yangu, wala hakuuliza habari za sigara. Aliuliza nilikulia wapi. Nilipotaja Arusha aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa mtaa anaoujua.

Huyo ndiye aliyenieleza jambo lililonifungulia mwaka 1977. Dawa ya ganzi haifanyi kazi vizuri mahali penye usaha na uvimbe, kwa sababu hapo mwili umekuwa na asidi, na asidi huizuia dawa isipenye kwenye mshipa wa fahamu. Ndiyo sababu uvimbe hutulizwa kwanza ikiwezekana, au sindano huchomwa mbali zaidi, pale mshipa unapoingilia taya, kisha hungojwa, kisha hujaribiwa. Kwa hiyo nilikuwa nikisema kweli. Na yule tabibu, mwenye foleni ile na shavu lile lililovimba, huenda naye aliamini anachokisema. Nimemsamehe. Kidole sikijutii.

Wazee wetu husema dawa ya jino ni kung'oa. Kwa heshima zote, kwangu isingekuwa dawa, kwani ningeling'oa na lile la kushoto nisingebakiwa na mahali pa kutafunia. Walipaka kwanza mpako wa ganzi kwenye ufizi, hata sindano yenyewe sikuisikia vizuri. Wakatoboa jino kwa juu, wakatoa kiini kilichooza, wakasafisha mizizi kwa visindano vyembamba, wakaijaza kwa utomvu mkavu wa mti unaoota huko Malaya. Ilichukua safari mbili, na ya tatu ya kulivika kofia. Niliinua mkono mara nne kwa jumla. Mara zote nne waliacha.

Kwa walio Minnesota, tangu Januari 2024 huduma za meno za watu wazima katika Medical Assistance zimerudishwa kwa upana wake. Kadhalika sheria ya mwaka 2009 iliruhusu waganga wasaidizi wa meno, na jimbo hili lilikuwa la kwanza kuwapa leseni hapa Marekani. Wengi wao hufanya kazi katika kliniki za watu wa kipato cha chini. Atakayetaka kupelekwa aniambie leo. Nitaendesha mimi, na nitakaa naye ndani ya gari hata dakika 40, ila hatutarudi.

Jana jioni wakati wa chakula niliwahesabu watu watano wanaotafuna upande mmoja. Siwataji. Mmoja ni mzee ninayemheshimu sana, naye amenikwepa tangu asubuhi. Shikamoo, Baba Mkubwa. Nimekuwekea kiti karibu yangu, nyama iko tayari, nami nitaitafuna kwa kushoto.