Tajiri Hujionaje?

(Maneno waliyoambiwa wanachama mkutanoni, Nakuru)

Ndugu wanachama,

Leo hatutasema habari za nyongeza ya mshahara. Tutasema habari za tajiri mwenyewe: hujionaje, na hubadilika vipi miaka inavyopita. Kukaa mezani kupatana na mtu usiyemjua ni sawa na kununua ng'ombe gizani.

Wengi wetu hudhani tajiri alizaliwa tajiri. Si hivyo kila mara. Marehemu Njenga Karume alizaliwa mwaka 1929 hapa kwetu Elementaita, katika nchi ya mashamba ya walowezi. Aliuza makaa. Baadaye akawa na mahoteli na mashamba, akawa na Waziri pia. Mwaka 2009 alitoa kitabu cha maisha yake, na jina la kitabu lenyewe lataja safari ya kutoka makaa mpaka dhahabu. Angalieni jambo hili: mzee mwenye mali nyingi bado alijihesabu kuwa mtu wa makaa.

Ndivyo matajiri wengi wanavyojiona: watu waliojiinua kwa jasho lao. Jasho lilikuwapo, hatukatai. Lakini mara nyingi, kadiri tajiri anavyozeeka, waliokata miti na kupakia magunia huzidi kupungua katika hadithi, hata akabaki yeye peke yake.

Sasa tutazame maduka makubwa. Nakumatt ilipata jina lake kutokana na magodoro ya Nakuru. Tuskys ilianzia Rongai, na jina la Naivas latoka Naivasha. Yote ni maduka ya bonde letu hili. Nakumatt ilikua ikapita matawi 60, katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ifungwe.

Duka hufikaje hapo? Mwenye duka moja husimama kaunta. Hujijua kuwa ni mtu wa kazi, na karani humwambia, "Mzee, sukari imekwisha." Mwenye matawi kumi hujiona baba wa nyumba, habari humfikia kwa mameneja, nao huchuja zile chungu. Mwenye matawi 60 huona kampuni na nafsi yake kuwa kitu kimoja. Kufunga tawi moja kwake ni kama kukatwa kidole. Basi bidhaa huchukuliwa kwa mkopo, huuzwa kwa fedha taslimu, na fedha hizo, badala ya kumlipa aliyeleta bidhaa, hufungua tawi jingine. Siku moja mwenye bidhaa hukataa kuleta, na mashubaka hubaki matupu.

Ndugu, ni nani anayeona mashubaka matupu kwanza? Ni sisi. Na ni nani anayekosa mshahara duka likianguka? Ni sisi pia. Kwa hiyo kumwambia tajiri ukweli mapema si utovu wa adabu. Ni kulinda unga wa watoto wetu.

Twaomba kila kamati ya tawi iulize mambo matatu kila mwezi, kwa heshima na kwa maandishi: Je, michango yetu ya NSSF imepelekwa? Je, makato ya chama yamefika? Je, wanaoleta bidhaa wamelipwa? Jibu likichelewa, msingoje mwisho wa mwaka. Leteni habari ofisini upesi.

Neno la mwisho ni letu wenyewe. Kiongozi wa chama naye huanza kwa miguu, akiwajua wanachama kwa majina. Akikaa sana kitini, aweza kusema "chama changu". Mkisikia neno hilo kwetu, tuulizeni mambo yale yale matatu: fedha iko wapi, imefika wapi, na nani anadai.

Umoja ni nguvu.