Kidonda Hakiponi Sahanini: Nyuzi za Nano na Ufungaji wa Vidonda



Shashi ikikaukia juu ya kidonda cha moto, hunata. Muuguzi akiibandua, ngozi changa hung'oka nayo, damu ikachuruzika, mtoto akalia wodi nzima ikasikia. Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba jeraha lenye unyevu huota ngozi upesi kuliko lililoachwa likauke. Tatizo ni kwamba unyevu huwafaa bakteria pia, na hapo ndipo nyuzi za nano zinapotuhusu.

Nyuzi hizo hutengenezwa hivi: bomba la sindano hujazwa polima iliyoyeyushwa, sindano ikaunganishwa na umeme wa volti elfu kumi hadi thelathini, na mbele yake, kiasi cha shibiri moja, huwekwa bamba la chuma. Tone kwenye ncha huvutwa hadi likachongoka. Mara uzi huchomoka, ukajizungusha hewani huku ukikauka, ukatua bambani kama utando wa buibui. Anton Formhals alipata hataza ya mbinu hii Marekani mwaka 1934, akiwazia nguo, si vidonda. Uzi huo una unene wa nanomita mia chache. Unywele wetu ni kama 80,000. Uzi huo unakaribia unene wa nyuzi za kolajeni mwilini, ndiyo maana seli za ngozi hutambaa juu yake bila shida. Hewa hupita, bakteria wa nanomita 1,000 hupenya kwa taabu.

Kuua bakteria maabarani ni kazi nyepesi. Tia chembe za fedha, duara safi lisilo na bakteria litatokea sahanini wanamooteshwa, picha itapigwa, makala itachapishwa. Ila fedha ikizidi huumiza hata seli za ngozi. Viuavijasumu navyo, vikichanganywa tu na polima, aghalabu humwagika saa za mwanzo; kinachobaki hakitoshi kuua, kinatosha kuwazoesha bakteria dawa. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Bandeji isiongeze usugu huo. Afadhali uzi wenye kiini na ganda, unaotokana na sindano mbili, moja ndani ya nyingine, ili dawa itoke kidogo kidogo.

Mimi naegemea kitosani, itokanayo na maganda ya kamba, hao hao wanaovuliwa delta ya Rufiji. Chaji yake chanya hushika ukuta wa bakteria wenye chaji hasi na kuuvuruga. Ni kaidi, sikatai: peke yake haitoi uzi mzuri, huhitaji polima ya kuisaidia, na utando usipoimarishwa hulegea ukilowa.

Kwa hiyo wenzangu wa maabara, nawaomba: kabla ya kuchapisha duara jingine, ijaribuni bandeji yenu kwenye majimaji ya kidonda chenye usaha, pimeni inabanduka vipi siku ya tatu, na bei yake mpelekeeni mfamasia wa hospitali ya wilaya aisome.