Kusafiri kwa Baisikeli na Kulala Njiani

Somo letu la leo ni juu ya kusafiri kwa baisikeli na kulala nje usiku mmoja.

Safari ya kwanza iwe fupi. Kutoka Mwanza mjini mpaka Bujora, karibu na Kisesa, penye Makumbusho ya Wasukuma, ni kilomita 20 hivi. Mkiondoka saa tisa alasiri mtafika mapema, maana huku jua huchwa karibu na saa moja.

Mzigo uwe mwepesi: turubai, chandarua, blanketi, sufuria, kurunzi na maji. Ufungeni imara kwenye keria, usiyumbe. Msisahau pampu, viraka, solusheni na spana. Breki zijaribiwe nyumbani, si mteremkoni.

Mkifika kijijini, nendeni kwanza kwa mwenyekiti, mwombe mahali pa kulala. Mgeni aliyejulikana hulindwa, asiyejulikana hushukiwa.

Sasa sikilizeni sana. Mkipita kando ya ziwa, msilale ufukoni. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, naye akimkuta mtu kati yake na maji huweza kumwua. Wala msioge penye matete. Mamba hujificha humo. Tena vijidudu vya kichocho, vitokavyo katika konokono, hupenya ngozi hata isiyo na jeraha. Kwa hiyo chemsheni maji ya kunywa, na ya kuoga pia.

Asubuhi zimeni moto kabisa. Mkizoea, jaribuni kufika Magu, kilomita 60 hivi.