Yowe Linalopita Angani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, Heru Juu)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya kifaa ambacho tumeombwa tuwanunulie wanafunzi wanaokwenda safari za milimani. Wapo kati yetu wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini tutoe fedha kwa kitu ambacho sote tunaomba kisitumike hata siku moja.

Naanza na Mlima Kenya. Mwezi Septemba 1970 daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz, naye daktari, hakuwa na njia ya kumwita mtu yeyote. Ilimbidi amwache mgonjwa juu ya mwamba, ashuke mwenyewe kutafuta msaada, kisha apande tena. Katika juhudi za uokoaji helikopta ilianguka na rubani wake, Jim Hastings, akafa. Mwishowe waliletwa wapanda milima kwa ndege kutoka Innsbruck, nao ndio waliomteremsha Judmaier, akiwa hai, baada ya zaidi ya juma zima. Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya ushujaa. Mimi ni mtu wa mafaili, kwa hiyo naangalia zaidi jinsi habari ilivyosafiri. Ilisafiri kwa miguu.

Kifaa tunachozungumzia kimebuniwa kwa ajili ya kuondoa safari hiyo ya miguu. Wataalamu hukiita bikoni. Ni chepesi kama simu ya mkononi, lakini hakihitaji mnara wala salio. Ukikunjua antena yake na kubonyeza kitufe, kinatoa ishara katika masafa ya megahezi 406, ambayo yametengwa kwa ajili ya watu walio hatarini tu. Setilaiti zinaidaka na kuiteremsha kwenye vituo vya ardhini. Mpango huo unaitwa Cospas-Sarsat. Uliasisiwa mwaka 1979 na Urusi ya Kisovyeti, Marekani, Kanada na Ufaransa, wakati mataifa hayo makubwa hayakuwa yakisemezana vizuri katika mengine, na watu wake wa kwanza waliokolewa Kanada Septemba 1982. Tangu hapo wamepona watu zaidi ya 50,000, wengi wao mabaharia na wasafiri wa ndege.

Bikoni yenye kipokezi cha GPS hutaja mahali ulipo kwa kukosea kiasi cha meta 100 tu. Betri yake ikishawashwa hudumu saa 24 au zaidi. Ada ya kila mwezi hakuna. Lakini haisemi umepatwa na nini, na za kawaida hazikujibu neno. Kuanzia mwaka 2020 zimekuwapo aina zinazowasha taa ndogo kukujulisha kwamba ishara imepokelewa, na kwa mtu aliyelala peke yake gizani nadhani taa hiyo ina thamani kubwa.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo watu hupoteza fedha zao. Kila bikoni ina namba yake ya pekee, na ndani ya namba hiyo mna alama ya nchi. Mtu akinunua Ulaya akaja nayo mfukoni bila kuiandikisha, ishara yake itafika kama yowe la mtu asiyejulikana. Ni mtoto wa nani? Yuko na wangapi? Apigiwe nani simu? Kuandikisha hakuna gharama. Lipo daftari la kimataifa kwa nchi zisizo na daftari lao. Na kwa kuwa ni chombo cha redio, TCRA waulizwe kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa bandarini.

Tuje nyumbani. Wanafunzi wetu wanataka kupanda Nkungwe kule Mahale, meta 2,462, ndani ya hifadhi isiyo na barabara. Tuseme mmoja avunjike mguu. Chini ya miti mikubwa au ndani ya korongo setilaiti hazimsikii vizuri, kwa hiyo lazima wenzake wakipeleke kifaa penye uwazi. Ishara ikipokelewa, taarifa itapitia kituo cha uokoaji, pengine zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, kisha simu zitapigwa mpaka Kigoma. Atakayemfikia kwanza kuna uwezekano mkubwa awe askari wa hifadhi au mvuvi. Kule Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja, wavuvi walikuwa kati ya watu wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Walipona 24.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kifaa hiki kitatosha, wala na wanaosema ni anasa. Bei yake nje ya nchi ni dola 300 hadi 400 na ushee. Wazee wetu wanaoshuka kutoka nyanda hizi kwenda kwenye mizinga porini, juma moja au mawili, hawana bikoni. Wana jambo moja wanalolishika: nyumbani wanajua njia aliyopita mtu na siku ya kurudi, na siku hiyo ikipita wanaume wanaondoka kumfuata. Safari nyingi za shule siku hizi hazina hata hilo.

Napendekeza tununue bikoni moja, iandikishwe kwa jina la shule pamoja na namba za simu za watu wawili wanaopokea simu usiku. Abaki nayo mwalimu wa safari, siyo mwanafunzi, maana najua mlivyo. Mimi pia nililala bweni hili, na kitufe hiki kikibonyezwa kwa mzaha kuna watu watatoka vitandani kweli. Pamoja nacho pawe na daftari ofisini: majina, njia, siku na saa ya kurudi, na nani aende nani asiporudi. Daftari hilo linaweza kuanza Jumatatu, kabla hata ya mchango wa kwanza.

Tarehe ya kubadilisha betri iandikwe kwenye jalada la daftari hilo hilo. Mhazini ameketi pale karibu na dirisha.