Misuli ya Kijana Wako: Mazoezi Ndiyo, Sindano Hapana

Leo tutazungumza kuhusu vijana wetu na hamu yao ya kutunisha misuli.

Mama, labda nyuma ya nyumba yako kuna chuma chenye mikebe miwili iliyojazwa simiti, na kijana wako hukiinua kila jioni. Usishangae. Hamu hiyo ilienea duniani kwa sababu ya watu kama Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria. Alishinda taji la Mr. Olympia mara 7: kila mwaka kuanzia 1970 hadi 1975, na tena 1980. Filamu ya Pumping Iron ya 1977 ilionyesha jinsi alivyofanya mazoezi. Kisha The Terminator ya 1984 ikamfanya ajulikane hata kwa watu wasiojua lolote kuhusu mashindano hayo. Kuinua vyuma, kulikoonekana kuwa kazi ya watu wachache, kukawa jambo la watu wote.

Je, ni vibaya kijana kumwiga? Kwa upande wa mazoezi, la. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Angalau siku 3 kwa wiki yawe ya kuimarisha misuli na mifupa. Kijana aanze na uzito mwepesi, afundishwe namna ya kuinua, na asiwe peke yake.

Hatari iko kwingine. Schwarzenegger mwenyewe amekiri kwamba alitumia steroidi wakati wa mashindano, na amewaonya vijana wasizitumie. Steroidi hizi ni dawa zinazofanya kazi kama homoni ya kiume. Daktari huzitoa kwa magonjwa fulani tu. Mwaustria mwingine, Andreas Münzer, alimhusudu sana Schwarzenegger na akawa mtunisha misuli mashuhuri. Alitumia dawa nyingi za aina hii. Alikufa mwaka 1996 akiwa na miaka 31, baada ya ini na figo zake kushindwa kufanya kazi.

Dawa hizi hudhuru vipi? Hupandisha shinikizo la damu na kuharibu moyo na ini. Kwa mvulana, korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua na matiti huweza kuota. Kwa msichana, sauti huwa nzito na ndevu huota. Kijana ambaye hajamaliza kukua huenda akabaki mfupi, kwa sababu mifupa huacha kurefuka mapema. Na wakichangia sindano, wanaweza kuambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Mama, angalia dalili hizi: mwili kujaa haraka katika wiki chache, chunusi nyingi mgongoni, hasira za ghafla, sindano au vidonge vilivyofichwa, na pesa zisizojulikana zimekwenda wapi.

Ukiziona, usimfokee wala kumwaibisha mbele ya wadogo zake. Keti naye faraghani, muulize anatumia nini na amekipata wapi. Kisha mpeleke kituo cha afya mkiwa na hiyo dawa, hata kama haina karatasi. Asiache ghafla bila ushauri, kwani wengine huingiwa na huzuni kubwa, hata mawazo ya kujiua. Akisema maneno kama hayo, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na chakula je? Kijana mwenye afya hahitaji poda ya mkebe ya bei ghali. Baadhi ya poda huchanganywa na vitu visivyoandikwa. Mpe maharagwe, ndengu, omena, mayai au maziwa, pamoja na ugali na mboga za majani. Alale vizuri usiku, maana misuli hujijenga mtu anapopumzika.

Mwambie mwanao kwamba kifua kipana hujengwa kwa miaka, si kwa mwezi mmoja. Anayemwahidi vinginevyo anataka pesa zake.