Mtoto wa Mbwa Akija Nyumbani



Wengi wetu tunaleta mtoto wa mbwa nyumbani, tunamfunga kamba, basi. Haitoshi, ndugu zetu.

Kwanza, tumwache kwa mama yake majuma 8. Kabla hajafika, tujenge kibanda kisichovuja. Usiku wa kwanza atalia. Tusimpige, anamtafuta mama yake. Tumpe ugali laini na dagaa, kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku.

Akitimiza miezi 3, tumpeleke kwa bwana mifugo achanjwe kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishajitokeza kwa mtu, ni nadra kupona. Mtu aking'atwa, tuoshe kidonda kwa sabuni na maji dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Tarehe ya chanjo tuiandike daftarini. Kisomo chetu kina kazi!